Gari la Taka Humfuata Mwenye Kulipa

Ukitaka kujua kwa nini gari la taka hupita kila siku kwenye barabara yenye maduka ya jumla na kuuruka uchochoro ulio nyuma yake, usianze na dereva wala utingo wake. Anza na mkataba. Katikati ya Jiji la Dar es Salaam, na hasa Kariakoo, usafi wa mtaa huamuliwa mapema ofisini, pale halmashauri na mkandarasi wanapokubaliana nani atamdai mwananchi ada, na nani atabeba hasara mwananchi asipolipa. Wengi tunapozungumzia mkandarasi wa taka tunahesabu magari yake. Mimi ningependa tuanze kuhesabu madeni yake.

Zipo njia mbili kubwa za kumkabidhi mtu binafsi kazi hii. Katika ya kwanza, halmashauri hukusanya ada yenyewe na kumlipa mkandarasi kutoka mfuko wake, kwa tani, kwa safari au kwa mwezi. Katika ya pili, halmashauri humkatia mkandarasi eneo, kata moja au zaidi, na kumwachia apambane nalo. Yeye ndiye anayepita mlango kwa mlango na kitabu cha risiti, anayelipa vibarua, mafuta na fundi, na mwisho wa mwezi anapeleka fungu la halmashauri. Dar es Salaam ilianza na njia hii ya pili, na matatizo mengi tunayoyaona leo yalizaliwa humo.

Haikuchaguliwa kwa uzembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jiji lilikuwa limezidiwa kabisa. Mwaka 1992 taka zilizozolewa hazikufika hata asilimia 5 ya zilizozalishwa, na magari mengi ya halmashauri yalikuwa yamelala gereji. Wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi na harufu ya dampo, walikuwa wameishtaki halmashauri Mahakama Kuu mwaka 1988 na kushinda, kwa hiyo hata mahali pa kumwaga palikuwa shida. Ndipo ulipokuja Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, uliosaidiwa na UNDP na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, pamoja na operesheni ya dharura ya kusafisha jiji kwa msaada wa wahisani. Operesheni ya dharura huisha. Fedha za wahisani zilipokuwa zinaelekea ukingoni, sheria ndogo za mwaka 1993 ziliweka msingi wa wananchi kulipia taka zao, na mwaka 1994 kampuni ya Multinet Africa ikapewa kata 10 za katikati ya jiji.

Halmashauri haikuwa na fedha za kumlipa mtu, ndiyo maana mkandarasi aliambiwa ajilipe kwa wananchi. Kwenye karatasi hesabu ilikaa vizuri: katikati ya jiji kuna maduka, hoteli, ofisi na benki, watu wenye uwezo. Mtaani mambo yakawa mengine. Watu hawakuwa wamezoea kulipia taka kando na malipo mengine. Waliona kodi na leseni zao zilikwisha kugharimia kazi hiyo. Makusanyo yakawa pungufu sana ya matarajio, na makusanyo yakipungua, safari za gari nazo hupungua. Mteja aliyelipa akaona gari haliji, naye akaacha kulipa. Mzunguko huo umewahi kuyasumbua majiji mengi duniani, na ukishaanza ni mgumu kuukata.

Serikali ilivunja halmashauri hiyo mwaka 1996 na kuunda Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, iliyofanya kazi hadi mwaka 2000. Katika kipindi hicho wakandarasi waliongezwa, na kufikia mwaka 1999 walikuwa makumi, wakiwemo vikundi vya kijamii vya akina mama na vijana, ambavyo baadaye vilipata msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Hilo lilikuwa jambo jema na linastahili kusemwa: kikundi cha watu wa mtaa huohuo, chenye mikokoteni na fagio, kilifika mahali ambapo lori halifiki, na wateja wake kiliwajua kwa majina. Mwaka 2000 zikaundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, kila moja na wakandarasi wake. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ikavunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Majina yamebadilika mara nyingi. Swali la nani amlipe mzoaji limebaki lilelile.

Sasa twende Kariakoo, kwa sababu hapo mkataba hupimwa kuliko mahali pengine popote nchini. Soko lenyewe, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021 na ujenzi wake ukachukua miaka. Lakini soko ni kitovu tu cha mitaa mingi iliyojaa maduka, stoo, migahawa, mama lishe na machinga. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa kufanya biashara saa 24 hapo. Ni habari njema kwa mfanyabiashara, lakini kwa mzoa taka maana yake ni kwamba zile saa za usiku wa manane, lori lilipoweza kurudi nyuma hadi kwenye rundo bila kugonga meza ya mtu, zinazidi kupungua.

Angalia rundo lenyewe jioni. Utaona maboksi, nailoni zilizofungia marobota ya mitumba, mikungu mitupu ya ndizi, majani ya migomba yaliyotandikwa chini ya nyanya, matenga yaliyovunjika, maganda ya miwa, vifuu na makumbi ya nazi, mabaki ya chakula, na salfeti zilizofungwa kamba ambazo hakuna ajuaye ndani mna nini. Kabla lori halijafika, vijana wameshapita. Maboksi wameyakunja na kuyafunga mafungu ya kuuza kwa kilo, chupa za plastiki zimekwenda, vyuma vimekwenda. Kinachobaki kwa mkandarasi ni kile kisichonunuliwa na mtu: kitu kibichi, kizito, chenye maji, kinachoanza kunuka baada ya saa chache katika joto la Dar es Salaam. Siwalaumu waokotaji hata kidogo, maana wanalipunguzia jiji mzigo bila kulidai senti. Lakini mikataba mingi ya aina hii haiwataji kabisa, kana kwamba hawapo, na kwa hiyo hakuna anayewapa glavu, nafasi ya kuchambulia wala kinga dhidi ya mgambo.

Uzito huo una matokeo ya kifundi ambayo wanaoandika zabuni huyasahau. Katika majiji ya Ulaya sehemu kubwa ya taka ni vifungashio vyepesi, na gari la kushindilia hufaa sana huko kwa sababu linabana hewa. Taka zetu, ambazo zaidi ya nusu ni mabaki ya chakula na majani, tayari zimejibana zenyewe. Ukizishindilia unachokamua ni maji, yanayochuruzika barabarani kutoka Kariakoo hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, kilomita zipatazo 30, kupitia Barabara ya Nyerere na foleni zake. Mara nyingi gari lilelile linalozoa uchochoroni ndilo linalosafiri hadi Pugu na kurudi. Mvua za masika zikinyesha, dampo hugeuka tope na malori hukwama yakisubiri kuvutwa. Lori lililokwama Pugu asubuhi haliwezi kuwa Kariakoo mchana.

Tuweke hesabu ya mfano, tarakimu zangu zikiwa za kubuni ili tuone tu mwendo wake. Mkandarasi ana wateja 400, kila mmoja anadaiwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 4,000,000. Wakilipa sita kati ya kila kumi, anapata 2,400,000. Mkataba unataka asilimia 20 irudi halmashauri, hivyo anabaki na 1,920,000. Kila safari ya kwenda dampo, mafuta na ada ya kumwaga pamoja, inamgharimu 120,000, na ratiba inataka safari 15 kwa mwezi. Hizo ni 1,800,000. Imebaki 120,000 ya kulipa wafagiaji, wapakiaji, dereva, matairi na faida. Haiwezekani. Kwa hiyo hatapeleka gari mara 15. Atalipeleka mara nane au tisa, na atachagua wapi. Ni kama daladala inayowaacha wanafunzi kituoni kwa sababu nauli yao ni ndogo. Dereva anafuata hesabu aliyopewa, na hesabu hiyo inamwambia abebe nani kwanza.

Ndiyo maana sikubaliani na kauli ya viongozi wetu kila kipindupindu kinapobisha hodi, kwamba wakandarasi ni wazembe na wafukuzwe. Wazembe wapo, na wafukuzwe. Lakini ukimfukuza mmoja na kumpa mwenzake mkataba uleule, umebadilisha tu jina lililoandikwa mlangoni mwa lori. Na uchochoro usiolipa, ule ambao lori liliuruka, taka zake haziishii hapo. Zinaingia kwenye mitaro, na mitaro ya Kariakoo huteremkia bonde la Msimbazi na Jangwani. Asiyelipa na aliyelipa hukutana kwenye mafuriko yaleyale.

Kuna pia watu ambao mfumo wa mlango kwa mlango hauwafikii vizuri. Machinga ni mfano. Desemba 2018 Rais Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000, wenye navyo wasisumbuliwe na tozo nyingine. Nia ilikuwa kumpumzisha mnyonge, na wengi walipumzika kweli. Lakini meza ya machungwa huzalisha taka kila siku, na mkandarasi aliyeambiwa ajilipe kwa ada hakuwa na mlango wa kugonga. Kama Serikali inaamua kundi fulani lisitozwe, ni haki yake, ila basi gharama ya taka za kundi hilo iandikwe kwenye bajeti ya halmashauri, isiachwe ikining'inia shingoni mwa mkandarasi.

Je, ada iwekwe kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kama ilivyofanywa kodi ya majengo mwaka 2021? Hoja hiyo ina nguvu, kwa sababu umeme karibu kila mtu mjini hununua. Lakini Cairo ilitutangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jiji hilo lilizipa kampuni kutoka Hispania na Italia mikataba ya miaka 15 na kuweka ada ya taka kwenye bili ya umeme. Wananchi wengi walikasirika, wengine wakaenda mahakamani, kwa sababu walilipa ada hiyo huku wakiendelea kuwalipa wazabalini, wazoaji wa jadi waliokuwa wakipanda ngazi hadi mlangoni. Kampuni ziliweka mapipa makubwa barabarani na kutaka watu washushe taka zao wenyewe. Mamlaka za Cairo zikazitoza faini, kampuni zikalalamika kucheleweshewa malipo. Makusanyo rahisi hayakuleta huduma nzuri. Nyumba ya Kariakoo yenye wapangaji wengi na mita moja, au fremu 20 zinazochangia umeme, italeta ugomvi wa aina yake.

Ninachokiona kinafaa ni kutenganisha mkono unaokusanya na mkono unaozoa. Ada ikusanywe na halmashauri kwa namba ya malipo ya Serikali, kwa wafanyabiashara iende sambamba na leseni, na mkandarasi alipwe kwa kazi iliyothibitishwa. Kumlipa kwa tani pekee kuna mtego wake: mchanga ni mzito kuliko maganda, na taka zilizoloweshwa huonyesha uzito mkubwa kwenye mzani. Kwa hiyo tani zilizopimwa dampo ziambatane na saini ya mtendaji wa mtaa kwamba gari lilipita siku iliyopangwa, hata uchochoroni. Saini hiyo haigharimu kitu, na ndiyo inayomrudisha mwananchi ndani ya mkataba aliofungiwa nje.

Muda wa mkataba nao una uzito. Ukimpa mtu mwaka mmoja, benki haitamkopesha fedha za lori jipya, atanunua kuukuu linaloharibika Gongo la Mboto, njiani kwenda dampo, likiwa na mzigo. Miaka mitano au sita, yenye masharti ya kuvunjwa yaliyo wazi, inampa nafasi ya kuwekeza. Na ndani yake paandikwe mshahara, chanjo na vifaa vya wapakiaji, maana nimewaona wengi mno wakishika taka za hospitali na vioo kwa mikono mitupu.

Haya yote yatahitaji halmashauri iweke fedha zake mezani, na hapo ndipo wengi huanza kusitasita. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2018 kwamba katika nchi za kipato cha chini usimamizi wa taka humeza karibu asilimia 20 ya bajeti za miji. Ni fedha nyingi, na hakuna mkataba utakaozifuta. Mkataba mbaya huzihamishia tu hospitalini, mitaroni na kwa yule bibi wa uchochoroni anayechoma taka zake jioni kwa sababu gari halikuja.

Wewe mfanyabiashara au mpangaji wa Kariakoo, Gerezani, Kisutu au Upanga, nenda ofisi ya mtaa wako uulize mambo matatu: nani ni mkandarasi wa eneo lenu, ratiba yake inasema gari lije siku gani, na ada unayolipa inaingia akaunti ya nani. Usilipe bila risiti yenye namba ya malipo. Na kwenye mkutano wa mtaa, omba mkataba huo usomwe mbele ya watu.