Nguvu na Udhaifu wa Viungo: Istilahi za Unyanyuaji wa Vitu Vizito

Kati ya maswali yanayoletwa kwetu na wasomaji, liko moja ambalo kwa juu juu laonekana jepesi: Katika mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, ni kiungo gani cha mwili chenye nguvu kupita vyote, na ni kipi kilicho dhaifu kupita vyote? Aulizaye hutaka jibu la neno moja. Sisi ambao kazi yetu ni istilahi hatuwezi kumjibu kabla hatujamwuliza nasi: Usemapo kiungo, wakusudia nini? Na usemapo nguvu, ni nguvu ipi? Makala haya yanaeleza kwa nini maswali hayo si ya kubishana tu, na mwishoni yanatoa mapendekezo ambayo tungependa wasomaji wayapime.

1. Chanzo cha uchunguzi

Ili tusijifungie ofisini na kamusi zetu, tulikwenda Tanga. Mji ule una watu wa namna mbili waujuao uzito kwa miili yao. Wa kwanza ni wachukuzi wa bandarini na sokoni. Tanga imekuwa lango la mkonge tangu mmea huo ulipoletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 1,000 ilisafirishwa kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Hiyo ndiyo mama wa mashamba yaliyoenea baadaye. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, shehena ikapakiwa na kupakuliwa kwa matishari, na mgongo wa binadamu ukawa sehemu ya mitambo ya bandari. Wa pili ni vijana wa mitaani. Katika kata ya Usagara tulikuta uwanja mdogo nyuma ya nyumba, na humo bomba la chuma lililotiwa makopo ya zege ncha zote mbili. Hapo ndipo vijana hukutana jioni kupiga vyuma.

Tulionyeshwa kijana mmoja aliyekuwa amelala mkekani wiki ya tatu. Aliyekuwa akimfundisha alimwambia, "Shuka kwa kiuno, inuka kwa kiuno." Mwalimu alikusudia maungio ya mapaja na mwili, yaani nyonga. Kijana alifahamu kiuno kama akifahamuvyo kila mtu aliyewahi kutazama ngoma: sehemu iliyo juu ya nyonga, pale mshipi unapofungwa. Akaupinda mgongo wake wa chini mithili ya upinde, kisha akanyanyua. Alipopelekwa kutibiwa akasema, "Nimeumia mshipa." Kwa kuwa mshipa ni pia jina la ugonjwa wa ngiri, alichunguzwa kwanza kinena. Katika mkasa huo hapana mtu aliyesema uongo wala aliyekosa elimu ya kazi yake. Waliokosea njia ni maneno mawili, kiuno na mshipa, na aliyelipa ni kijana.

2. Maana za mbali na maana za karibu

Neno kuwa na maana zaidi ya moja si aibu ya lugha. Chukua neno msuli. Pwani, msuli ni nguo ya kiume ifungwayo kiunoni. Kwingineko nchini msuli ni nyama ile ikazayo na kulegea ili kuvuta mifupa. Mzee mmoja wa Ngamiani, alipoagwa na mjukuu wake kwamba anakwenda kukaza misuli, alimwuliza, "Kwani una mingapi, mjukuu wangu, na mimi babu yako ninao mmoja tu?" Tulicheka sote, na mambo yakaishia hapo. Nguo na nyama ziko mbali, hata muktadha huzitenga bila ya msaada wetu. Vivyo hivyo kiungo cha pilau na kiungo cha timu ya mpira havijapata kuchanganywa na mtu.

Madhara huanzia pale maana zinapokuwa jirani. Kiuno na nyonga zinapakana. Mshipa wa damu, neva, na ukano uunganishao msuli na mfupa vyote vimo chini ya ngozi, vyote ni vyembamba, na vyote huitwa mshipa. Kiungo ni sehemu yoyote ya mwili, na pia ni mahali mifupa miwili ikutanapo. Mtu akisema "kiungo changu kinauma" hajatuambia kama ni nyama ya paja au goti lenyewe. Kiwiko kwa wengine ni pale mkono unapokunjwa katikati, ambapo wengine huita kisugudi. Kwa wengine kiwiko cha mkono ni pale unapokutana na kiganja. Na mkono wenyewe huanzia begani ukaishia ncha za vidole, kama mguu uanziavyo nyongani ukaishia nyayoni.

Kwa hiyo twaweka kanuni hii mbele ya wasomaji: maana zilizo mbali ziachwe zilivyo, zilizo karibu zitengwe. Mwundaji istilahi asipoteze nguvu zake kuvisafisha visivyochafuka.

3. Nguvu ipi, udhaifu upi?

Sasa tulirudie swali letu. Ikiwa nguvu ni ukubwa wa msuli, mshindi ni msuli mkubwa wa tako, ambao ndio mkubwa kuliko yote mwilini. Ikiwa ni mkazo ukilinganishwa na udogo wa umbo, wengi humpa taji msuli wa taya utafunao chakula. Ikiwa ni kustahimili bila kupumzika, hakuna wa kushindana na moyo, upigao mara 100,000 hivi kwa siku. Majibu matatu, na yote ni sahihi, kwa sababu maswali yalikuwa matatu ndani ya neno moja. Ndiyo maana twapendekeza nguvu ibaki kuwa uwezo wa kushinda uzito kwa mara moja, na ustahimilivu uwe uwezo wa kurudia au kuendelea kwa muda.

Kwa mnyanyuaji, wenye nguvu ni mapaja, matako na mgongo. Mbele ya paja iko misuli minne ambayo yote huungana katika ukano mmoja upitao juu ya pia ya goti. Hiyo ndiyo imnyoshayo mtu kutoka katika kuchuchumaa. Nyuma ya paja iko mitatu, nayo hushirikiana na tako kuunyosha mwili. Nyonga nayo ilivyoumbwa ni thabiti: kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya tundu lake kama mchi ndani ya kinu.

Bega ni kinyume chake. Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kitako kifupi, mfano wa chungwa juu ya kisahani, na huzuiwa kisianguke na misuli midogo minne pamoja na kano zake. Kwa umbo hilo bega hugeuka pande nyingi kuliko kiungo kingine chochote, na kwa umbo hilo hilo huteguka upesi. Uhuru wake umenunuliwa kwa uthabiti wake.

Lakini mchukuzi mmoja mzee, aliyebeba magunia tangu ujana wake, yakiwamo yale ya lumbesa ambayo sheria ya vipimo inayakataza, alitutajia udhaifu mwingine. "Wanangu," alisema, "mguu haunishindi, wala mgongo haunishindi. Kinachonishinda ni vidole." Ndiyo maana, akaeleza, mchukuzi hupenda kutwikwa na wenziwe: mzigo ukiisha kaa begani au kichwani juu ya kata, vidole havina kazi tena ila kuuongoza. Kijana wa vyuma hana wa kumtwika. Humlazimu kulishika bomba kwa mikono tangu chini, na bomba humtoka mikononi mapaja yakiwa bado yana hamu ya kazi.

Maneno ya mzee yule yaafikiana na elimu ya mwili. Vidole havina misuli ndani yake. Misuli mikubwa ivifungayo imo katika sehemu ya mkono iliyo kati ya kisugudi na kiganja, nayo huvivuta kwa kano ndefu kama kamba za tanga zivutwavyo na baharia aliye mbali na tanga lenyewe. Basi mtu akiambiwa "tia nguvu mkono wako," atafanya mazoezi ya nyama iliyo juu, ile ipendezayo machoni, na mshiko wake utabaki ulivyokuwa. Hapa lugha inalo neno zuri ambalo wengi wamelisahau, nalo ni kigasha. Hatuna haja ya kuunda wala kukopa. Haja yetu ni kulitoa sandukuni na kulianika.

Neno dhaifu nalo lataka uangalifu. Vijana hulitumia kwa mambo mawili. Kuna sehemu iliyo ndogo kwa maumbile, kama misuli ile minne ya bega au ya kigasha, na hiyo haitapata kuwa kama paja hata mtu akizoeza miaka kumi. Na kuna sehemu iliyo duni kwa sababu haikuzoezwa, kama nyuma ya paja kwa yule apendaye kifua tu. Ya kwanza huhitaji ulinzi na uzito mdogo. Ya pili huhitaji kazi. Ukiziita zote dhaifu, kijana ataitwisha bega mzigo uliopasa kwenda pajani. Kwa hiyo ya kwanza twaiita sehemu dhaifu, na ya pili sehemu iliyobaki nyuma.

4. Tatizo la kuinama

Limebaki neno gumu kuliko yote: tendo la kushuka kuufuata mzigo kwa kukunja nyonga, mgongo ukiwa umenyooka. Kuchuchumaa si lenyewe, maana huko magoti hukunjwa sana na matako hushuka karibu na visigino. Kuinama ni pana mno. Mtu huinama kwa shingo, kwa mgongo na hata kwa heshima. Kubong'oa lakaribia sana, lakini ni neno la utani mzito, na mwalimu hawezi kulitamka mbele ya wakwe zake, sembuse mbele ya darasa.

Mchukuzi yule yule ndiye aliyetuonyesha njia. Tulipomwuliza angemfundishaje kijana aliyeumia, alisimama, akaweka viganja vyake juu ya magoti, akashuka mpaka mgongo wake ukawa sawa kama meza. "Mwambie arukuu," alisema. "Mtoto wa Tanga asiyejua kurukuu ni nani?" Kweli, katika sala mafundisho ya rukuu ni kwamba mgongo ulingane sawasawa, hata maji yakiwekwa juu yake yatulie. Neno moja lilimaliza ambalo maelezo ya nusu saa yangalishindwa.

Hata hivyo hatukulipendekeza kuwa istilahi. Sababu ya kwanza ni heshima: neno la ibada halifai kutungikwa ukutani kando ya vyuma. Ya pili ni kwamba istilahi yapaswa kumhudumia pia mtu wa Songea au Bukoba asiyelijua tendo hilo. Twapendekeza kukunja nyonga. Lakini mwalimu wa Pwani akitaka kumfafanulia mwanafunzi wake kwa mfano wa rukuu, na afanye hivyo bila wasiwasi. Istilahi ni makubaliano ya wengi. Mfano ni mali ya mwalimu na wanafunzi wake, na ofisi yetu haina mamlaka juu yake.

5. Mapendekezo

Kwa kufuata desturi ya kutazama kwanza hazina ya Kiswahili chenyewe, kisha lugha jirani, ndipo lugha za mbali, twaleta orodha hii:

Kiungio: mahali mifupa miwili au zaidi ikutanapo, kama goti au nyonga.

Sehemu ya mwili: eneo lolote la mwili, litumike badala ya kiungo kila panapohofiwa utata.

Msuli (wingi: misuli): nyama ikazayo na kulegea ili kuvuta mfupa.

Ukano (wingi: kano): uzi mgumu uunganishao msuli na mfupa.

Mshipa (wingi: mishipa): njia ya damu peke yake. Kwa njia ya fahamu litumike neva, na kwa ugonjwa litumike ngiri.

Mkono wa juu: kuanzia begani hadi kisugudi.

Kisugudi: kiungio cha katikati ya mkono. Neno kiwiko lisitumike katika maandishi ya mazoezi mpaka wasemaji watakapoafikiana.

Kigasha (wingi: vigasha): kuanzia kisugudi hadi kiganja.

Kigimbi (wingi: vigimbi): nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti. Wako wasemao shavu la mguu, nasi hatuwakatazi, ila kigimbi ni kifupi na hakigombani na uso.

Nyonga: kiungio cha paja na mwili. Lisibadilishwe kwa kiuno.

Kiuno: sehemu ya mwili iliyo kati ya mbavu na nyonga.

Kukunja nyonga: kushuka kwa nyonga, mgongo ukiwa umenyooka.

Wasomaji wataona kwamba katika orodha nzima hakuna neno geni lililoundwa kwetu. Tulichofanya ni kuyapa maneno ya wazee mipaka, kama wafanyavyo majirani wenye mashamba yanayopakana. Huenda wako watakaokataa kisugudi, au walio na neno bora kuliko mkono wa juu; hilo la mwisho sisi wenyewe haliturizishi. Tunaomba watuandikie, na watutajie neno hilo lasemwa wapi na nani. Kijana wa Usagara tuliyemtaja amekwisha inuka mkekani na kurudi uwanjani. Siku tulipoagana naye, mwalimu wake alikuwa akiwapanga wanafunzi wapya, naye akipaza sauti: "Nyonga, nyonga! Kiuno kiacheni kwa wacheza ngoma."