Kinai: Kukataa Utamu Kabla ya Kushiba

Mkate wa kumimina ukizidishwa sukari, mgeni huacha kipande cha pili sahanini akasema, “Nimekinai.” Hakusema ameshiba. Tumbo lake huenda bado lina nafasi, ila ulimi umekataa.

Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako qanaa ni sifa njema: kuridhika na alichokadiria Mwenyezi Mungu. Maana hiyo tunayo pia katika Kiswahili. Mkinaifu ni mtu aliyetosheka na chake. Lakini Waswahili wakalipa neno maana ya pili, ya kuchoshwa na kitu kwa utamu au wingi wake. Ndiyo sababu halua huandamana na kahawa chungu, katika baraza za Magomeni kama katika zile za Tandika.

Maneno nayo hukinaisha. Msemaji wa harusi anayemwita bibi harusi lulu, asali, malaika na ua la peponi kwa pumzi moja huwafanya wasikilizaji watazame saa. Hatusemi maneno laini yaachwe. Katika nyumba nyingi za Kinondoni na Temeke tatizo ni kinyume chake: mke hupitisha mwezi mzima bila kuambiwa hata “ahsante, mama fulani.” Huyo hajakinai, ana njaa.

Wala huzuni ya kweli haikinaishi. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, na maneno aliyoyatamka yalikuwa machache.

Linalotushughulisha zaidi ni misiba. Sisi tunaoandika matangazo ya msikiti tunayaona yanayotumwa katika makundi ya simu pindi mtu anapofariki: picha za mishumaa (kwa maiti Mwislamu!), mawaridi yanayodondosha machozi, maneno marefu ya nyota iliyozimika, yakisambazwa na watu ambao hawakumjua marehemu. Mjane aliyeanza eda ya miezi minne na siku kumi huyasoma yote, ilhali mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita na watoto hawajui jioni watakula nini. Amekinai kabla ya kushiba.

Jaafar bin Abi Talib alipouawa Mu'ta, mwaka wa 8 Hijiria, Mtume (S.A.W.) aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Nayo aya ya 36 ya Suratul Hajj, inapoagiza kulisha watu nyama ya dhabihu, inamtaja al-qani', jina litokalo katika asili ileile ya neno letu. Baadhi ya wafasiri humweleza kuwa ni mhitaji aliyetulia, asiyeomba. Mjane wetu ndiye huyo. Hataandika katika kundi la simu kwamba unga umekwisha.

Basi tangazo la msiba msikitini kwetu tumelifupisha: jina la marehemu, saa ya swala ya jeneza, na makaburi atakayozikwa. Chini yake huwekwa orodha ya siku, na mbele ya kila siku jina la nyumba itakayopika. Siku tatu za mwanzo hujaa kabla ya maziko. Tunaomba majina ya siku ya nne na kuendelea.