Gari lilipotuharibikia ugenini siku ya maziko

Habari ya msiba ilitufikia Tanga baada ya Sala ya Alfajiri. Mama yetu mkubwa alikuwa amefariki dunia Likoni, Mombasa, na maziko yalipangwa baada ya Alasiri siku ile ile. Tuliondoka watu watano: sisi mume na mke, watoto wetu wawili na mama yetu mzazi, ambaye marehemu alikuwa dada yake wa pekee. Mama alikuwa na haja moja tu, kumwona nduguye mara ya mwisho kabla hajafunikwa.

Kilomita 65 za kutoka Tanga mjini hadi Horohoro tulizimaliza salama. Mpakani tuligongewa pasi zetu, tukapewa kibali cha kuingiza gari Kenya kwa muda, tukaipita Lungalunga. Hatujafika Msambweni, mshale wa joto ukapanda ghafla na mvuke ukaanza kufuka mbele ya gari. Tulisimama kando ya barabara, tukazima injini na kuweka pembetatu za tahadhari. Mmoja wetu alipoinama kufungua kifuniko cha rejeta, mzee mmoja mpita njia alimpigia kelele: “Mwanangu, usifungue! Maji yale yatakubabua uso. Acha ipoe.”

Mzee yule ndiye aliyetuitia fundi wa jirani. Fundi alikuja kwa bodaboda, akachungulia, akasema pampu ya maji imekufa. Wakati huo dereva wa lori alikwisha kusimama, akajitolea kutuvuta kwa kamba hadi Ukunda kwa malipo kidogo. Sisi tulikuwa tayari. Fundi akakataa. Gari letu ni la gia za otomatiki, na alitueleza kwamba gari la namna hiyo likivutwa mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka chini, gia hukosa mafuta ya kuzilainisha na huungua. Gari lilihitaji kupakiwa juu ya gari la kubebea magari mabovu, lile ambalo mafundi huliita bredauni. Angeweza kunyamaza, na gia zilizoungua zingempatia kazi kubwa zaidi. Hakunyamaza.

Mwenye bredauni alitaja bei kwa simu, nasi tukatazamana. Shilingi za Kenya tulizobadilisha mpakani hazikufika nusu yake. Nyumbani hatuhesabiwi mafakiri, lakini pale chini ya mkorosho tulikuwa hatuna kitu. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba inamtaja msafiri aliyekwama miongoni mwa watu wanane wanaostahiki zaka, na wanazuoni wameeleza kwamba anastahiki hata kama kwao ana mali. Aya hiyo tumeisoma miaka mingi tukidhani inawahusu watu wengine.

Muda ulikuwa unakwenda. Mama alikaa kimya, akiitazama barabara. Mume alitaka sote tungoje hadi gari lipakiwe. Mke akasema, “Gari litangoja, maiti hangoji.” Tukashauriana, kisha tukaagana. Mama, mke na watoto walipanda matatu ya kwenda Likoni. Mume akabaki na gari. Mzee wetu wa njiani alimwonyesha msikiti wa jirani, akasali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzikusanya na kuzipunguza, kama msafiri anavyoruhusiwa.

Aliyelipa gharama ya kubeba gari ni mtoto wa marehemu. Alikuwa anapokea watu wa kumzikia mama yake, na bado alituma fedha kwa simu ili kututoa njiani. Deni lile tuliliandika, kama tulivyofundishwa katika aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, na tumekwisha kulilipa.

Mama alimwahi dada yake. Alimfunua uso, akamwombea dua, na jeneza likatoka. Aliyebaki na gari hakuyawahi maziko. Alifika kaburini kesho yake asubuhi. Pampu ilipatikana Mombasa siku ya tatu, na fundi alipomaliza kazi alitukabidhi ile ya zamani mkononi ili tuone alichokiondoa.

Ndugu msomaji, jamaa zetu wengi wana ndugu ng’ambo ya mpaka, nasi tungependa mtangulizwe na haya tuliyoyapata kwa taabu. Kadi ya Njano ya COMESA ni bima ya madhara utakayomsababishia mwingine barabarani, pamoja na matibabu ya waliojeruhiwa. Haimlipi fundi wala mwenye bredauni. Kwa hiyo wekeni akiba ya fedha za nchi mnayokwenda. Kubalianeni bei kabla gari halijafungwa mnyororo: ni kiasi gani, hadi wapi, na nani atawajibika likiharibika njiani. Kadi halisi ya gari msimwachie mtu, nakala yatosha. Tazameni tarehe ya mwisho ya kibali cha gari, na mkiona matengenezo yataipita, nendeni ofisi ya forodha kabla haijafika, si baada yake. Na kabla ya safari, pimeni maji ya rejeta injini ikiwa baridi. Sisi asubuhi ile hatukupima.

Zaidi ya yote, amueni mapema ni kipi kinachowahi na ni kipi kinachoweza kungoja. Tungaling’ang’ania gari, mama angefika na kukuta udongo umekwisha kufukiwa, na hakuna fundi ambaye angeweza kulitengeneza hilo.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu mkubwa, na awalipe kheri mzee yule na fundi yule. Amin.