Upasuaji wa Kupunguza Unene na Yanayofuata Nyumbani

Ninyi maafisa na askari wa jeshi na polisi mlioko katika malindo ya mpakani, kuanzia Busia hadi Malaba na Tororo: katika mazungumzo yetu ya leo tumeonelea yafaa tulieleze jambo ambalo kwa muda sasa limekuwa likizungumzwa makambini na katika nyumba za askari, mara nyingi kwa minong'ono na pengine kwa mzaha. Jambo lenyewe ni upasuaji unaofanywa kwa madhumuni ya kupunguza uzito wa mwili.

Wapo wanaodhani kwamba huo ni urembo wa matajiri. Wapo pia wanaodhani kwamba ni dawa ya mkato ya kitambi, kwamba mtu huingia hospitali akiwa mnene na kutoka akiwa mwembamba. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa la kundi la pili laweza kumgharimu mtu maisha yake. Kwani kwa mkaazi wa Busia au Tororo, hatari iliyo kubwa haiko sana katika chumba cha upasuaji cha Nairobi au Kampala. Iko nyumbani, siku ya saba au ya kumi, usiku, homa inapopanda na daktari aliyempasua yuko mbali kilomita mia kadhaa.

Unene wa kiasi hicho haukuwa ugonjwa wa babu zetu. Daktari Hugh Trowell, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye akatumikia miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alipata kueleza kwamba katika miaka yake ya mwanzo Mwafrika mnene kupita kiasi alikuwa nadra kuonekana; aliporejea kuzuru mwaka 1970 alistaajabu kuwaona mijini. Tangu wakati huo mambo yamezidi. Uchunguzi wa afya wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2014 ulikuta kwamba theluthi moja ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Ule wa Uganda wa mwaka 2016 ulikuta karibu robo ya wanawake, na wanaume chini ya mmoja katika kumi.

Busia yenyewe ni shahidi wa mabadiliko hayo. Hapa ndipo ilipozaliwa bodaboda, katika miaka ya 1960, wakati vijana walipoanza kuvusha watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha upande mmoja na kile cha upande wa pili. Kijana yule alikanyaga pedali kutwa nzima na jioni akala ugali wa wimbi. Mjukuu wake leo ameketi juu ya pikipiki. Askari naye, ambaye zamani alifanya doria kwa miguu, sasa hukaa saa nyingi ndani ya gari au kwenye kizuizi cha barabara akikagua malori, na mkononi ana chapati na soda. Hatusemi haya kwa kumcheka mtu. Ni kazi ndiyo iliyobadilika.

Sasa, ni nani anayestahili kupasuliwa? Madaktari huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Kwa muda mrefu, tangu mwaka 1991, kanuni iliyofuatwa ilikuwa kwamba jibu lifike 40, au lifike 35 iwapo mtu ana ugonjwa kama kisukari au shinikizo la damu. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji wa fani hii vililegeza kanuni: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari. Tuchukue mfano wa askari mwenye urefu wa mita 1.70. Kwake yeye 35 ni kilo 101, na 40 ni kama kilo 116. Kwa hiyo sajini mwenye kilo 84 ambaye mshipi umeanza kumbana hahitaji mpasuaji. Anahitaji kurudi kwenye gwaride na kuacha soda.

Upasuaji wenyewe si mgeni duniani. Daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, alianza mwaka 1966 ile njia ya kutenga sehemu ndogo ya mfuko wa chakula na kuiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivi kwamba chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Njia inayofanywa zaidi siku hizi ni nyingine: mfuko hukatwa kwa urefu, robo tatu au zaidi zikatolewa kabisa, ukabaki mrija mwembamba mfano wa ndizi. Kwa kawaida kazi yote hufanywa kwa nusukaputi, kupitia matundu madogo tumboni na kamera. Mtu hushiba kwa chakula kidogo, na hata njaa yenyewe hupungua, kwa sababu sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi kichocheo cha njaa. Katika mwaka wa kwanza au wa pili wengi hupoteza kama robo ya uzito wao wote. Kisukari cha ukubwani mara nyingi hutulia, na wachunguzi wa Sweden waliowafuata maelfu ya wagonjwa kuanzia mwaka 1987 walikuta kwamba waliopasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wanene wenzao ambao hawakupasuliwa.

Ipo pia njia isiyo ya kisu, ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, Tanzania, imekuwa ikiitoa: puto hupitishwa mdomoni hadi tumboni, likajazwa maji, na likatolewa baada ya miezi kadhaa. Puto likitoka, mwenye kurudia ulaji wake wa zamani hurudia pia uzito wake. Hali ni hiyo hiyo kwa sindano mpya za kila wiki ambazo zimeenea tangu mwaka 2021. Mtu akiziacha, uzito hurejea.

Upande huu wa mpaka na ule wa pili, hospitali za Tororo, Masafu na Busia hupasua wajawazito, henia na majeruhi wa ajali, lakini kwa upasuaji huu watu huenda Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka Busia, au Kampala, kama kilomita 200, na mara nyingi katika hospitali za binafsi. Gharama yake ni mshahara wa miezi mingi wa askari wa kawaida, na wengi hukopa. Tunamwomba mwenye kukopa ahesabu pia safari za kurudi kwa daktari, vipimo vya damu, na vitamini ambazo atazimeza hadi mwisho wa uhai wake. Mkopo unaotosha kisu tu haujatosha.

Tuje kwenye uuguzi. Mgonjwa huamshwa atembee siku ile ile ya upasuaji, ili damu isigande miguuni, na kwa sababu hiyo hiyo haifai kupanda basi la kutwa nzima mara tu anapotoka wodini. Akae mjini kwa siku atakazoambiwa na daktari wake. Safarini ashuke mara kwa mara atembee. Ndama ya mguu mmoja ikivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, hiyo ni dharura.

Siku za kwanza hunywa maji na supu iliyochujwa, kwa funda ndogo. Kisha huja maziwa, maziwa ya mgando na uji mwepesi usio na sukari, halafu vyakula vilivyopondwa: yai, maharage, samaki asiye na miiba. Chakula cha kawaida hurejea baada ya majuma sita hadi manane, na hata hapo ni vijiko vichache, vikitafunwa polepole. Haifai kunywa maji pamoja na chakula. Hungojewa kama nusu saa. Ugali mgumu na nyama ya kuchoma huja mwisho kabisa. Jambo linalowashinda wengi ni protini. Mwili unahitaji gramu 60 hadi 80 kila siku, na yai moja lina kama gramu 6 tu, kikombe cha maziwa kama 8. Ndiyo maana samaki wale wadogo wa Ziwa Viktoria, wanaoitwa mukene Uganda na omena Kenya, wana faida kubwa wakisagwa unga na kutiwa katika uji au mchuzi. Asiyezingatia hayo hupungua misuli badala ya mafuta, nywele zikamdondoka, na nguvu za kushika bunduki zikamwishia.

Sasa tufike mahali ambapo twaomba masikio yote. Katika kila watu mia waliokatwa mfuko, kama mmoja, pengine zaidi kidogo, mshono huvuja. Kinachovuja huingia ndani ya tumbo na kuliozesha. Dalili zake ni homa, moyo kwenda mbio hata mtu akiwa amelala, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, na kukosa pumzi. Mara nyingi hutokea katika majuma mawili ya kwanza, yaani mgonjwa akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Na nyumbani kwetu ni wapi? Ni Tororo, ambako wataalamu waliopima mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kuwa mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Unyunyizaji wa dawa majumbani ulioanza mwishoni mwa mwaka 2014 ulipunguza sana ugonjwa huo, lakini mazoea hayakubadilika: mtu akipata homa, jamaa husema ni malaria, hutafuta vidonge dukani, na husubiri siku tatu aone. Kwa mwenye mshono unaovuja, siku tatu ni nyingi mno. Hata kipimo kikionyesha malaria kweli, hakijaondoa uwezekano wa mshono kuvuja, kwa kuwa mtu aweza kuwa na yote mawili. Akimbizwe hospitali yenye wapasuaji, Mbale kwa walio upande wa Uganda, Kisumu au Eldoret kwa walio Kenya, huku aliyempasua akipigiwa simu njiani.

Kutapika nako kusipuuzwe. Mtu aliyepasuliwa akitapika siku kadhaa mfululizo huishiwa vitamini B1, na kuishiwa huko huharibu ubongo: macho hucheza, mwendo hupepesuka, akili huchanganyikiwa. Mwenye kumwona barabarani humdhania mlevi, na polisi kati yenu wanaelewa mtu wa namna hiyo hupelekwa wapi.

Dawa nazo zina masharti mapya. Sindano ya diklofenaki, ambayo katika maduka ya dawa hutolewa kwa kila maumivu ya mgongo, na vidonge vya jamii yake, huweza kumtoboa vidonda aliyeunganishwa utumbo. Mwenye kisukari akiendelea na kipimo chake cha zamani cha dawa, sukari yaweza kushuka akaanguka lindoni; kipimo hupunguzwa na daktari tangu siku za kwanza. Pombe pia hubadilika tabia. Iwe waragi au malwa ya mrija, hupanda kichwani haraka kuliko zamani na hukaa zaidi, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo, na wapo ambao baada ya chakula kuwashinda wamehamia katika ulevi. Kwa mtu anayekabidhiwa silaha, mkuu wa kikosi ana haki ya kulifahamu hilo.

Mkuu huyo naye ana wajibu. Askari huyu asibebe mzigo mzito kwa majuma manne hadi sita, wala asipelekwe kozi ya mazoezi makali kwa sababu tu anaonekana amepungua. Apewe kazi nyepesi, na katika lindo la saa nyingi aruhusiwe chupa yake ya maji na chakula chake kidogo cha kila baada ya saa chache. Askari wa kike ashauriwe asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Mwisho, karatasi moja. Kabla ya kutoka hospitali, mgonjwa adai barua yenye jina la upasuaji aliofanyiwa, tarehe, dawa anazotumia na zile alizokatazwa, na simu ya mpasuaji inayopokelewa usiku. Nakala moja ikae kwa mke au mume, ya pili katika zahanati ya kambi, na ya tatu katika mfuko wa shati, ili mganga wa zamu wa Masafu au Busia ambaye hajapata kumwona mgonjwa wa namna hii aisome kabla ya kumtundikia dripu ya kwinini.