Boda: Neno la Mpakani Lililofika Kakamega

Mtoto wako aliyezaliwa ughaibuni akitua Kakamega likizo hii, hatashuka kwenye matatu kabla hajaitiwa boda. Atadhani ni Kiluhya, kumbe ni Kiingereza chake mwenyewe: "border", yaani mpaka.

Waingereza nao walilichukua kwa Wafaransa katika Zama za Kati, likimaanisha ukingo wa kitu, kama pindo la nguo. Baadaye likapewa kazi ya kutaja mpaka wa nchi. Huku kwetu mpaka wenyewe haukutulia. Hadi mwaka 1902 eneo la Kakamega lilihesabiwa kuwa Uganda. Wakoloni walipousogeza mstari upande wa magharibi, Kakamega ikaangukia Kenya, huku Wasamia na Wateso wakigawanywa, ndugu huku na ndugu kule.

Lakini watu hawakuacha kuvuka. Miaka ya 1960 mjini Busia, magari ya abiria hayakupita mpakani bila makaratasi, na mwenye gunia la mahindi hakutaka kulibeba kichwani hadi ng'ambo. Vijana wakafunga kiti cha sponji juu ya keria ya baiskeli na kuita wateja: boda, boda! Usidhani waliimeza "r" kwa kutojua. Mwingereza wa London haitamki pia.

Baiskeli hizo zikaenea hadi Mumias, Kakamega na Kisumu, kusiko na mpaka wa kuvuka, na jina likaenda nazo. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo. Pikipiki zikajaa stejini, baiskeli zikapungua, jina likabaki lilelile.

Leo ukitaka kujua mtu anazungumzia nini, sikiliza ngeli. "Boda amefika" ni mwendeshaji; "boda imepata pancha" ni pikipiki. Akikwambia "nilikuja na boda", anazungumzia usafiri, na huenda hajawahi kuiona Busia maishani.

Magazeti ya Kiingereza ya Nairobi na Kampala nayo huandika "boda boda" bila kulifafanua. Waingereza walitupa neno la kutenganisha nchi. Limewarudia likiwa na siti mbili, na nauli ya kupatana.