Kompyuta inayokukumbusha kupumzisha macho

Wachapaji wa steshenari za Nyegezi wanaijua hali hii: foleni ndefu, macho yanawasha. Toleo la 48 la GNOME, programu huria inayopamba skrini ya Ubuntu, lilitoka Machi 2025 likiwa na ukumbusho wa kutazama mbali na kuinuka kitini. Ukijiwekea kikomo cha saa kwa siku, kikifika skrini yaweza kupoteza rangi. Rekodi hubaki kwenye kompyuta yako. Kuuzima ni rahisi mno, tukubaliane.

Lakini ukumbusho usioeleweka haumsaidii mtu, na tafsiri ya programu huria hutegemea wanaojitolea. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ukishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa Mwanza naye anaweza kuanza na sentensi kumi tu.