Kanuni za Mchezo na Kiswahili Kinachosemwa: Michezo ya Kuigiza Mezani Katika Ufundishaji

Walimu wengi wa Kiswahili nchini Uganda wanamfahamu mwanafunzi huyu: anataja ngeli zote bila kusita, anachanganua sentensi ubaoni, lakini akiulizwa jambo asilolitarajia hujibu kwa Kiingereza. Hili si jambo dogo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Wanaotegemewa kulifundisha ni hao hao walio madarasani mwetu.

Katika makala haya tunaeleza jinsi michezo ya kuigiza mezani inavyoweza kusaidia. Hoja yetu ni moja: michezo hii haifanani, na kanuni za kila mchezo ndizo zinazoamua nani atazungumza na atatumia miundo ipi ya lugha. Kwa hiyo ni vyema mwalimu ajaribu zaidi ya mmoja kabla ya kuchagua.

Mchezo wenyewe ni upi?

Washiriki wachache huketi mezani, kila mmoja akiwa na mhusika anayemsemea. Hakuna jukwaa wala maneno ya kukariri, na hapo ndipo mchezo huu unapotofautiana na igizo la kawaida la darasani. Penye shaka, dadu hutupwa au karata hufunuliwa. Hadithi yote hujengwa kwa mazungumzo, hivyo anayenyamaza huwa hatendi lolote.

Mchezo wenye msimulizi

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa ni Dungeons & Dragons, uliotolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ulichipuka kutoka michezo ya vita iliyochezwa kwa vinyago mezani. Mshiriki mmoja huwa msimulizi: huleta mandhari, maadui na matokeo. Wengine husema wahusika wao wanafanya nini, na dadu yenye nyuso 20 huamua kama wamefaulu.

Kilugha, mchezo huu ni shamba la masimulizi. Mchezaji husema, “Ninaufungua mlango taratibu, nikimwangalia mlinzi.” Msimulizi hujibu, “Mlango ulilia, mlinzi akageuka, akainua taa.” Viambishi -ki- na -ka-, ambavyo aghalabu hubaki kwenye karatasi za mtihani, hapa hutumika kila dakika. Hata hivyo, msimulizi ndiye anayezungumza zaidi. Mwalimu akishika nafasi hiyo muda wote, darasa hurudi kuwa mhadhara. Inafaa wanafunzi wapokezane usimulizi.

Mchezo usio na msimulizi

Fiasco, wa Jason Morningstar, ulitolewa mwaka 2009. Huchezwa na watu watatu hadi watano, nao unahusu watu wenye tamaa kubwa na busara ndogo. Zamu yake ikifika, mchezaji huchagua moja kati ya mawili: kuanzisha onyesho, au kuamua litaishaje. Akichagua moja, wenzake hulichukua la pili. Dadu za rangi mbili huonyesha kama mwisho ni mwema au mbaya.

Tulipoujaribu na wanafunzi, tuliuhamishia kwenye mpaka wa Malaba: madereva wa malori, utingo, mama lishe na mzigo usiojulikana mwenyewe. Hapo lugha ilibadilika. Walibembeleza, walikana, walitishana, walisingizia. “Mzee, ungenikopesha ile laki moja ningekurudishia keshokutwa.” Sentensi kama hiyo ina hali ya masharti na adabu ya kumwomba mkubwa kwa pamoja, na hakuna aliyeamriwa kuitunga.

Mchezo wa ramani

The Quiet Year, wa Avery Alder, ulitolewa mwaka 2013. Wachezaji huchora pamoja ramani ya jamii inayojijenga upya baada ya maafa. Karata 52 huwakilisha majuma ya mwaka, na kila aina ya karata ni majira yake. Kwa mazingira yetu tulitumia majina ya majira ya pwani: kopa ni masika, uru ni kipupwe, pau ni vuli, shupaza ni kiangazi. Mfalme wa shupaza akifunuliwa, mchezo umekwisha.

Katika zamu yake mchezaji hugundua kitu kipya, huanzisha mradi, au huitisha mjadala. Katika mjadala kila mmoja husema mara moja tu, kwa ufupi. Kanuni hii humlinda mwanafunzi mwoga, kwa kuwa msemaji hodari hawezi kumeza nafasi yake. Aidha, kwa sababu ramani ipo mbele yao, ngeli za mahali hupata kazi halisi: kisimani pana foleni, msituni mna nyoka, ng’ambo kule kuna moshi. Mapendekezo nayo huleta dhamira tegemezi: tuchimbe, tusiwafukuze, wangoje mvua.

Namna ya kuendesha

Vikundi vya wanafunzi wanne au watano vinatosha. Dadu za ludo zinafaa kwa Fiasco. Badala ya dadu yenye nyuso 20, vikaratasi vilivyoandikwa namba 1 hadi 20 hufanya kazi ileile. Muda ukiwa mfupi, karata zipunguzwe katika kila majira, au kila mchezaji apewe onyesho moja tu. Msamiati muhimu utolewe kabla ya kuanza.

Mwalimu asikatize mchezo ili kusahihisha. Aandike makosa daftarini bila kutaja majina, kisha yajadiliwe baadaye. Mwanafunzi anayesahihishwa katikati ya ugomvi wa kubuni huacha ugomvi na kurudi kwenye Kiingereza.

Kwa kifupi, anayetaka masimulizi achukue mchezo wenye msimulizi, anayetaka mabishano na adabu achukue Fiasco, na anayetaka ngeli za mahali na mapendekezo achukue ramani. Tunawaalika walimu wenzetu wajaribu yote mitatu muhula huu, kisha watueleze ni upi uliowafungua wanafunzi wao vinywa.